Gari langu la kabureta liligoma kuwaka, na ubovu haukuwa kwenye kabureta

Kila aliyelitazama gari langu lilipogoma kuwaka alinipa ushauri ule ule: badilisha kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini. Jirani alisema hivyo, muuza vipuri akasema hivyo, na fundi niliyemwita alitoa hukumu hiyo hata kabla ya kufungua kifuniko cha chujio la hewa. Leo gari hilo linawaka bila matata, kabureta yake ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani katika miaka ya 1980, na kilichokuwa kimeharibika ni kipande cha mpira kisichofika hata urefu wa mkono mmoja. Naeleza jinsi nilivyokipata kwa sababu naamini magari mengi ya zamani yamepoteza kabureta nzima kwa kosa lisilo lao.

Dalili zilianza polepole. Asubuhi stata ilizungusha injini kwa nguvu, betri ikiwa nzima, lakini injini haikushika mpaka stata ipigwe kwa muda mrefu mno. Ikishawaka, ilitembea vizuri, isipokuwa kwenye mwinuko mrefu ambako ilianza kukosa pumzi. Baadaye haikuwaka kabisa. Umeme niliupima kwanza, cheche za plagi zilikuwa za buluu na zenye nguvu, kwa hiyo nikauacha na kuifuata petroli.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Injini ikiwa imezimwa kabisa, ondoa chujio la hewa, chungulia koo la kabureta, kisha sukuma kwa mkono mkono wa aksereta. Kabureta nyingi zina pampu ndogo ya kurushia petroli unapokanyaga mafuta, na bakuli lake la kuwekea petroli likiwa na petroli utaona mchirizi mwembamba ukirushwa ndani ya koo. Kwangu hapakutoka hata tone. Usichungulie kamwe wakati mtu mwingine anapiga stata, kwa maana injini inaweza kurudisha moto kupitia koo hilo hilo.

Hapo ndipo fundi alipotaka kumimina petroli moja kwa moja kwenye koo ili tuone kama gari litawaka. Nilimkatalia, na ningali namkatalia yeyote anayefanya hivyo. Petroli inayomiminwa hivyo huosha oili kwenye kuta za silinda, huweza kulipuka usoni mwa aliyeinama, na ikiwaka kwa sekunde mbili haikwambii lolote isipokuwa kwamba cheche zipo, jambo ambalo nilikuwa nalijua tayari. Nilifanya jambo jingine ambalo sikuwahi kumwona mtu akilifanya na ambalo nalionea fahari. Bakuli la kabureta lina kijibomba cha kupumulia, ambacho kwenye kabureta yangu kinaonekana wazi pembeni mwa koo. Nilichukua bomba la sindano lisilo na sindano, nikaliunga na kipande cha mpira mwembamba, nikalijaza bakuli petroli taratibu kupitia kijibomba hicho, nikarudisha chujio la hewa mahali pake, kisha nikavuta choki, kipunguza hewa cha kuwashia injini baridi, na kupiga stata. Injini iliwaka mara moja. Ikanguruma sawasawa, bila kukohoa wala kutetemeka, kwa muda wote ambao petroli ya bakuli ilidumu, kisha ikafifia na kuzimika kama inavyopaswa kuzimika injini iliyokosa mafuta. Kabureta iliyoziba tundu zake haiwezi kufanya hivyo. Kabureta ambayo boya lake limekwama chini au sindano yake ya kufungia petroli imelika ingefurika, haingekauka. Kilichobaki ni sindano iliyokwama ikiwa imefunga, nayo niliiondoa kwenye orodha kwa kuchomoa mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta na kuona kwamba petroli haikuwa inafika hata hapo.

Fundi alipoliona hilo aliacha habari ya kabureta na kuhamia kwenye pampu. Pampu ya gari la aina hii haina umeme. Ina mkono unaosukumwa na kamshafti, mhimili wenye vinundu unaozunguka ndani ya injini, diaframu ya mpira inayopanda na kushuka, na vali mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Kazi yake ni nyepesi, kwa sababu kabureta huhitaji shinikizo dogo tu, takriban bar 0.2 hadi 0.4, ilhali mifumo mingi ya kunyunyizia petroli kwa sindano za kielektroniki huhitaji karibu bar 3. Nilichomoa waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili ili pasiwe na cheche yoyote, nikaelekeza mpira wa kutolea petroli ndani ya chupa, na mwenzangu akapiga stata. Palitoka matemate ya petroli yaliyojaa povu.

Fundi akasema pampu imekufa. Nilimwonyesha kijiti cha kupimia oili, ambacho oili yake haikuwa na harufu ya petroli, nikamweleza kwamba diaframu ikipasuka kwa kawaida petroli huvuja kwenye oili ya injini au kupitia kitundu kilicho chini ya pampu, na kitundu hicho kilikuwa kikavu. Alishikilia lake, na kwa kuwa hakuna hoja inayomshinda mtu asiyetaka kuisikiliza, nilikubali tuijaribu pampu mpya. Pesa ya maana ilikwenda. Pampu mpya ilifungwa kwa gaskiti mpya, boliti zikakazwa vizuri, chupa ikashikwa pale pale, stata ikapigwa, na yakatoka matemate yale yale yenye povu lile lile, kana kwamba hakuna kilichoguswa. Nilimshukuru kwa kazi yake, akaenda zake, nami nikairudisha pampu ya zamani kwa mikono yangu, kwa sababu nilikuwa na hakika nayo.

Povu ni hewa, na hewa haizaliwi ndani ya pampu. Hilo ndilo lililoniongoza kuanzia hapo. Nilichukua mpira wa petroli unaoonyesha kilichomo ndani, nikaufunga kwenye tundu la kuingizia la pampu, na upande wake wa pili nikautumbukiza kwenye kidumu safi chenye petroli kidogo, kilichowekwa chini kando ya gari, mbali na injini. Stata ilipopigwa, petroli ilipanda ndani ya mpira ule ikiwa safi, bila hata kiputo kimoja, na chupa ikaanza kujaa kwa midundo mizito. Nikarudisha waya wa koili na mpira wa kabureta, gari likawaka na kuendelea kunguruma kwa kidumu peke yake. Injini, kabureta na pampu vyote vilikuwa vizima, na ubovu ulikuwa mahali fulani kati ya tangi na pampu.

Baada ya hapo nilikumbuka mambo mawili ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Gari lilikuwa likiwaka kwa urahisi kila nilipotoka kujaza tangi, na lilikuwa likiwaka vizuri zaidi nilipoliegesha pua ikielekea mteremkoni. Bomba likiwa na ufa juu ya usawa wa petroli, usiku hewa huingia na petroli iliyomo hurudi tangini kwa uzito wake; asubuhi pampu hulazimika kuanza kuvuta upya, na badala ya petroli huvuta hewa, kama mtu anayenyonya kinywaji kwa mrija uliopasuka. Tangi likijaa, au pua ya gari ikishuka chini ya usawa wa tangi, petroli hubaki bombani na pampu haipati shida. Ndiyo maana pia hapakuwa na tone sakafuni wala harufu. Ufa wa namna hii upande wa kuvuta kwa kawaida hauvujishi petroli kuelekea nje, bali huvujisha hewa kuelekea ndani, na anayetafuta unyevunyevu chini ya gari anatafuta kitu ambacho hakipo.

Kifuniko cha tangi nilikuwa nimekwisha kukifungua na kujaribu, kwa kuwa kifuniko ambacho tundu lake la hewa limeziba hufanya tangi linyongwe na kuacha kutoa petroli, hakikuwa chenyewe. Filta iliyo karibu na pampu niliibadilisha tu, haina gharama ya kujadiliwa.

Kuupata ufa wenyewe ndiko kulikonipa raha kubwa. Nilichomoa nguzo hasi ya betri, nikalisukuma gari hadi mahali pa wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia chini, kwa hiyo sifanyi kazi ya namna hii ndani ya shimo la gereji hata nikibembelezwa, na kizima moto cha unga hukaa ninapoweza kukifikia kwa mkono. Kwa pampu ya baiskeli nilisukuma hewa polepole kutoka upande wa injini mpaka nikasikia petroli ikibubujika tangini, jambo lililonithibitishia kwamba bomba halikuziba. Kisha nilichomoa mpira unaotoka kwenye tangi, nikauziba mdomo kwa boliti laini isiyo na nyuzi, nikasukuma hewa tena kwa shinikizo dogo sana, na kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo kuanzia mbele hadi nyuma. Viungo vya mbele vilitulia. Bomba la chuma chini ya sakafu lilitulia. Nyuma, juu ya ekseli, pale mpira unapovikwa kwenye bomba la chuma, sabuni ilianza kutoa viputo vidogo vidogo kutoka chini ya klempu inayoubana mpira, mahali ambapo jicho halifiki. Nilipoulegeza mpira ule na kuukunja, ulifunguka nyufa zilizoizunguka alama ya klempu, na ndani ulikuwa mgumu na mkavu.

Mpira wa zamani huzeeka hivyo kwa joto na miaka, na petroli iliyochanganywa na ethanoli huuharakishia uzee kama haukutengenezwa kwa ajili yake. Usinunue mpira kwa kuangalia unene tu. Soma maandishi yaliyopigwa ubavuni. Nilichagua wenye alama ya kiwango cha mipira ya petroli SAE J30R9, ambao ulikusudiwa mifumo ya sindano na hustahimili ethanoli vizuri zaidi kuliko J30R7 wa kawaida, ingawa kwa shinikizo la kabureta hata huo wa pili unatosha. Pima kipenyo cha ndani kwa makini, kwa sababu mpira uliolegea ukikazwa kwa nguvu hukunjamana na kuacha njia ya hewa. Klempu nazo nilichagua zile zenye ukanda laini, kwa kuwa zenye matundu hukata mpira taratibu, na nina yakini kwamba ndizo zilizoanzisha nyufa zangu.

Nilibadilisha mipira yote kutoka tangini hadi kwenye kabureta, pamoja na ile iliyoonekana mizima, kwani ilikuwa na umri mmoja. Kisha niliusubiri mtihani niliouchagua mwenyewe: tangi likiwa chini ya robo, gari limelala usiku kucha pua ikielekea mlimani, bila petroli ya sindano wala kidumu. Asubuhi nilikanyaga mafuta mara moja, nikavuta choki na kupiga stata, na injini ikashika kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Pampu mpya imerudi kwenye boksi lake, nami sijapata sababu ya kuitoa tena.