Nilivyosuluhisha ugomvi wa wanafunzi wawili kabla haujafika kamati ya nidhamu

Mimi ni mshauri wa wanafunzi chuoni. Wanafunzi wawili wa kikundi kimoja waliniletea barua, kila mmoja akitaka mwenzake asimamishwe masomo. Mmoja alikuwa amewasilisha kazi ya kikundi bila jina la mwenzake. Aliyeachwa naye akamwita mwizi kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima.

Kwanza nilipima kama jambo lenyewe linasuluhishika. Pakiwa na kipigo, vitisho au unyanyasaji wa kingono, sithubutu kumketisha aliyeumizwa mbele ya aliyemuumiza. Mambo hayo yana njia zake. Hapa hayakuwepo, wala hakuna aliyekuwa na mamlaka juu ya mwenzake. Niliwauliza kama wako tayari kukaa pamoja, kwa sababu usuluhishi wa kulazimishana haufiki popote.

Nikawasikiliza mmoja mmoja, mlango umefungwa. Yule aliyeachwa alikuwa akimuuguza mzazi, ndiyo maana hakuonekana vikaoni, lakini hakumwambia mtu kwa kuogopa kuonewa huruma. Nilimwomba ruhusa kabla ya kulifikisha hilo upande wa pili. Alifikiri sana, kisha akasema angependa kulisema mwenyewe.

Kikao cha pamoja kilikuwa kirefu. Mmoja akisema, mwingine alitakiwa kueleza alichosikia mpaka msemaji akubali kwamba ndivyo alivyomaanisha. Wanafunzi huona zoezi hili linachosha, nami silipunguzi hata kidogo, maana hapo ndipo hasira hupungua.

Walikubaliana tusi lifutwe na radhi iombwe kwenye kundi lilelile, kwa kuwa aliyetukanwa alivunjiwa heshima mbele ya wote. Aliyefuta jina naye angekwenda na mwenzake kwa mwalimu kueleza yaliyotokea. Suala la alama nilimwachia mwalimu. Mkosaji kumkabili aliyemkosea si jambo geni: mwaka 1974, huko Elmira, Ontario, nchini Kanada, vijana wawili walioharibu mali za watu walipelekwa kwa amri ya hakimu kuonana na wenye mali, kisha wakalipa hasara. Programu nyingi za upatanishi zimechota kutoka kesi hiyo.

Mtihani mkubwa ulikuja baadaye. Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama yule mwanafunzi alikiri kulifuta jina makusudi. Nilimpa makubaliano yaliyotiwa saini na wote wawili, nikakataa kueleza mengine. Nilikuwa nimewaahidi kwamba yanayosemwa mle ndani hayatoki, isipokuwa kama uhai wa mtu uko hatarini. Maneno ya usuluhishi yakigeuzwa ushahidi, mwanafunzi ajaye atakuja amefunga mdomo. Nilimweleza pia kwamba, makubaliano yakivunjika na kesi ikasikilizwa, nisiwe miongoni mwa wanaoamua. Kila mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa na mtu asiyekuwa tayari na siri zake kichwani. Mwenyekiti hakufurahi, ila alikubali, na jalada likafungwa.

Niliendelea kuwafuatilia hadi mwisho wa muhula. Radhi iliombwa, mwalimu akawaita wote wawili. Muhula uliofuata waliomba vikundi tofauti, nami nikawaunga mkono.