Chuma ndani ya udongo kimekubali

Jamani wana Mtwara leo niacheni nitambe kidogo 😂 ile kazi ya kutengeneza nanopatiko (chembe ndogo mno) za chuma ndani ya udongo wa bentonaiti imekubali. Unachanganya udongo na maji ya feriki kloraidi (chumvi ya chuma), unapitisha naitrojeni kufukuza oksijeni, afu unadondoshea sodiamu borohaidraidi, kemikali inayogeuza ile chumvi kuwa chuma chenyewe, taratiiibu, mapovu ya haidrojeni yanafumuka na ule uji wa kahawia unageuka mweusi tii, yani raha kuangalia. Udongo kazi yake kuzishika chembe zisigandane, maana chuma kikiwa kidogo hivyo, chini ya nanomita 100, kinavutana chenyewe kwa usumaku, na kikikauka hewani kinashika kutu fasta, kinaweza hata kuwaka. Sampuli ikaenda Dar kupigwa eksirei, kwenye grafu yake, pale karibu na pembe ya nyuzi 44.7, kuna kilima kifupi kipana, ndo chuma chenyewe hicho, na ule upana unaonyesha chembe ni ndogo kweli. Mjomba wangu wa Tandahimba kauliza kama inapulizwa kwenye mikorosho badala ya salfa 😂 hapana mjomba, hii ya kusafisha maji machafu, inageuza kromiamu yenye sumu kali kuwa ile isiyo na makali sana. Kauliza bei, hapo nikabadili mada maana borohaidraidi si ya bei rahisi.