Boti ya mkono wa pili: petroli au dizeli, na ile mitungi ya lita 20

Wiki tatu sasa mimi na shemeji tumezunguka tukitafuta boti ya kununua, si hizi za mbao za wavuvi, nasema boti ya faiba yenye kabini, futi 28 hivi, ya kubeba familia na wageni kutoka Dunga hapa Kisumu mpaka kisiwa cha Ndere kwa Ziwa Victoria, na siku zingine tufike Rusinga tulale huko. Pesa ya mpya hatuna. Tulibaki na mbili za kuchagua. Moja iko Naivasha, injini ya petroli, V8 ya MerCruiser lita 5.7. Ingine imeletwa Kisumu kwa lori kutoka Mombasa, dizeli, Perkins ya silinda 6, ile 6.354, kuukuu kabisa lakini iko hai.

Shemeji alitaka ya petroli na sababu zake zilikuwa na maana. Bei ilikuwa chini sana, injini ni nyepesi, boti inakimbia, haipigi kelele, halafu haina ile harufu ya dizeli yenye hutapisha watoto. Na kama ni mtu wa kutoka na boti Jumapili mbili kwa mwezi basi yeye ndiye yuko sawa kabisa, juu mafundi wengi hukadiria injini ya petroli ya boti ifike kama masaa 1,500 kabla ifunguliwe yote, dizeli iliyotunzwa masaa 5,000 na zaidi, sasa mtu wa masaa 100 kwa mwaka hayo 1,500 atayamaliza lini? Miaka 15. Haina haja alipie dizeli yenye hataimaliza.

Lakini sisi tunataka kubeba wageni, na hapo ndio nikaanza kufikiria mafuta yenyewe yanafika aje kwa boti.

Huku kwetu mara nyingi hakuna pampu kwa maji. Unaenda stesheni ya mafuta mjini, unajaza mitungi, unaweka kwa tuktuk au pikapu mpaka ufuoni, kijana anaingia nayo kwa maji imekaa begani, anakupokeza, unamimina na faneli huku boti inayumba. Hiyo V8 ikiwa mwendo inakunywa kama lita 50 kwa saa. Safari ya masaa matatu ni lita 150, hiyo ni mitungi saba na nusu, na kila mtungi unamwagika kidogo. Nimesimama pale Dunga nikaangalia: hatua chache kutoka boti zinapofungwa kuna akina mama wanakaanga samaki, jiko linawaka kutoka asubuhi. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwa baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, sembuse jua la Kisumu, na huo mvuke ni mzito kuliko hewa kwa hivyo hauendi juu upotee, unashuka chini ya sakafu ya boti pale maji machafu hukusanyika, unakaa hapo na injini, unangoja cheche moja ya stata. Ndio maana boti za petroli huwekwa feni ya kuvuta hiyo hewa nje, na unaambiwa uiwashe dakika nne nzima kabla ya kugusa ufunguo. Dizeli inataka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 ndio mvuke wake ushike. Ikimwagika ni uchafu na harufu, unapanguza.

Kule Naivasha nilifungua kifuniko cha injini nikainama. Nilisikia harufu ya petroli. Nikauliza ile feni, muuzaji akasema imekufa zamani lakini haina shida. Tena nilipoweka mkono kwa manifodi, pale moshi wa injini hutokea, nikapata ni ya moto, yaani alikuwa ameiwasha kabla tufike, na injini unataka kuipata baridi ndio ujue kama inawaka vibaya. Shemeji alinyamaza. Nikamwambia shem, watoto wako ndio watalala juu ya hii kitu.

Sasa hiyo Perkins. Tulienda na fundi mmoja mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwa matrekta ya mashamba ya miwa huko Chemelil, na alipoinama tu akasema, "Hii ni ile ya trekta, imevaa nguo ya maji." Hiyo ilinipa moyo, juu kutoka Muhoroni mpaka Kondele utapata mtu anajua Perkins, na sehemu nyingi za ndani utazipata. Iliwaka ikiwa baridi, moshi mweupe kidogo ukaisha. Tukatoka nayo majini, tukaisukuma yote, na hapo ikatoa moshi mweusi kama lori linapanda Mau. Shemeji akasema mnaona, imeisha. Mzee akakataa. Moshi wa buluu ungekuwa oili, huu mweusi ni dizeli nyingi hewa kidogo. Boti ilikuwa ya Mombasa usawa wa bahari, ziwa letu liko mita 1,134 juu, na injini haina tabo ya kuisukumia hewa, kwa hivyo imepoteza kama asilimia 10 ya nguvu na bado inasukuma propela iliyochaguliwa kwa hewa ya pwani. Akataka pampu ipunguzwe dizeli kidogo na propela ipunguzwe pichi, yaani ule mwinamo wa mabawa yake, ndio injini isilemewe.

Chenye kilinipa wasiwasi zaidi ni chumvi ya bahari. Tulifungua bomba la egzosti pale maji ya kupoza huchanganyika na moshi, kutu ikatoka vipande vipande kama maganda. Hiyo ni ya kubadilisha kabla ya kitu kingine chochote, juu ikitoboka maji yanarudi ndani ya silinda. Gharama yake tuliitoa kwa bei ya boti, muuzaji akakubali.

Hii ya dizeli ni polepole, lita 10 kwa saa ukienda taratibu, Rusinga tutaamka mapema. Nimeshanunua filta mbili za kutenga maji, juu dizeli ya kubebwa kwa mitungi lazima ije na maji, na pampu ya dizeli ikila maji utauza ng'ombe. Propela iko kwa fundi, nozo za kunyunyizia dizeli zinapimwa Alhamisi, na watu wa Kenya Maritime Authority hatutawaita waje kukagua mpaka hiyo egzosti mpya ifungwe.