Usiniletee Picha ya Ua Peke Yake

Mpwa wangu kanitumia picha: petali tano za manjano, zinang'aa. "Mjomba, hii ndiyo ile inayotambaa?" Alikuwa akiulizia Ranunculus repens, mmea wa malishoni unaotambaa, wenye ndugu kadhaa wa ua la manjano kama lake. Ua tu, bila jani, bila bua. Kwa picha ya namna hiyo sisemi kitu, na aliyenifunza ukaidi huu ni bibi mmoja pale Port Meadow, Oxford, malisho ya kando ya Mto Thames ambayo maji huyafunika msimu wa baridi.

Ilikuwa Mei, maji yamekauka, ng'ombe wameshaachiwa. Tulikuwa tunaandika kwenye karatasi mimea iliyopo. Tulilaza fremu ya mita moja kwa mita moja kwenye tope, ndani yake manjano matupu. Mkono wangu ukaenda kwenye ua; bibi akausogeza. "Anza na bua lake."

Nikalizungusha bua kati ya kidole gumba na cha shahada. Halikuwa duara, lilikuwa na mifereji, na kingo zake nilizihisi zikipita moja baada ya nyingine. Hapo ndugu mmoja, Ranunculus acris, tukamfuta, maana bua lake halina mifereji, tena husimama wima. Akaniambia nipindue ua. Sepali, vile vijani vidogo vya chini ya ua, zilikuwa zimetanda chini ya petali. Zingekunjika kurudi kwenye bua, tungeshuku Ranunculus bulbosus, inayopenda pakavu na yenye kivimbe shinani. Halafu jani: vipande vitatu, cha kati kimeshikwa na kikonyo chake chenyewe. Ila bulbosus nayo inacho, kwa hiyo jani peke yake halimalizi kesi. (Ranunculus multifidus ya kwetu nyanda za juu haichanganyi mtu: majani yake yamechanika kama ya giligilani.)

Kilichobaki ni kutambaa kwenyewe. Akachukua kidole changu akakipitisha chini ya nyasi, kufuata kamba nyembamba ya kijani mpaka kwenye kifundo. Pale palikuwa na kishada cha majani machanga, na chini yake mizizi myeupe imeshaingia topeni. Kamba ikioza, kifundo kinajitegemea; ndiyo maana mafuriko na kwato zikiacha tope wazi, Ranunculus repens hulijaza upesi. Lakini mapema msimu wa kuchipua, kamba mpya bado na za mwaka jana zimeoza. Usipoziona, usiseme hazipo.

Tukanawa mikono kabla ya mkate. Ukiuponda mmea huu, utomvu wake hutoa protoanemonini, inayobabua ngozi, na ng'ombe huukwepa ungali mbichi. Ukikauka kwenye majani makavu ya akiba ya mifugo, sumu hiyo huvunjika.

Kwenye kona ya fremu palikuwa na mche mmoja uliotafunwa: hauna ua, hauna kamba. Kuung'oa bila idhini ya wenye ardhi ni kosa kisheria, basi bibi akaingiza kidole shinani kutafuta kivimbe. Hakuridhika. Akaandika "Ranunculus", jina la ukoo tu, akaishia hapo. Mimi ningeandika repens bila kupepesa macho, kwa kuwa mita nzima ilikuwa repens. Tulibishana kidogo, kwa heshima. Huenda ulikuwa uangalifu, huenda ukaidi. Karatasi iliyopelekwa ni yake.