Kumfuata Chura wa Kindoroko

Ukiishi Moshi unazoea kuangalia juu tu, kwenye Kilimanjaro. Safari hii niliupa mlima mgongo. Nilipanda Coaster ya Mwanga pale stendi, kisha nikabanwa kwenye Noah ya Usangi, wanne kwenye kiti cha watatu. Kona zile acha tu. Huku chini bwawa la Nyumba ya Mungu linang'aa kama bati jipya.

Chura niliyemfuata anaitwa Callulina laphami. Hapatikani popote duniani ila Pare Kaskazini. Mtafiti wa vyura Simon Loader na wenzake walimtambulisha kwa sayansi mwaka 2010 pamoja na ndugu zake wawili wa Pare Kusini. Kilimanjaro ni volkano, kwa umri wa milima bado kijana. Pare imo kwenye Tao la Mashariki, milima mikongwe ambayo misitu yake imenyweshwa na mawingu ya Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka. Kila mlima ukabaki na chura wake, kama koo za Kipare zilivyo na misitu yao ya matambiko.

Saa mbili usiku tuliingia msitu wa Kindoroko na mzee mwenyeji wangu. Mvua haikunyesha, lakini ukungu ulifanya majani yachuruzike. Saa nzima hatukuona kitu. Nikaanza kuhesabu nauli yangu.

"Tulia, mwanangu. Huyu hana haraka."

Akashusha tochi kwenye kijiti, usawa wa goti. Chura mwenyewe hakufikia urefu wa kidole gumba changu, ngozi vipele vitupu, ungedhani ni gome. Hakuruka. Aliinua mguu, akashika kijiti, akavuta mwingine, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Nikanyoosha mkono.

"Umepaka nini?"

Dawa ya mbu. Mzee akaniamuru niutie mfukoni: chura hupumua kwa ngozi.

Hawa hawahitaji bwawa. Hutaga nchi kavu, kwenye unyevu wa majani yaliyooza, na yai halitoi kiluwiluwi. Linatoa chura kamili, mdogo. Kata miti, jua lipige chini, yai limekauka. Yule chura wa maporomoko ya Kihansi alipopandishwa ndege kwenda Marekani mwaka 2000 ili asitoweke, nami nilikuwa kwenye kundi la waliocheka.

Nilipiga picha tisa. Nane ni ukungu mtupu. Ya tisa ina mguu wa nyuma na nusu ya kijiti.