Shoga, hii itakukaa: wikendi yangu Mtwara

Nimerudi jana usiku na bado nina mchanga wa ufukwe wa Msangamkuu kwenye mkoba, sijaukung'uta maana nikiukung'uta naona kama safari itakuwa imeisha kweli. Mwaka huu Nane Nane imeangukia Ijumaa kwahiyo tukawa na siku tatu mfululizo, Mama Pacha akasema jamani mi naenda kwetu Mtwara kumuona mama, nani anakuja, tukajikuta wanne: yeye, Mwalimu, mdogo wake Mwalimu na mimi. Majina yao halisi siandiki na picha siweki, hata ile ya miguu tu siweki. Ukiwa mwanamke transi nchi hii unajifunza kuwalinda hata wale wanaokupenda.

Kwa ambao ni wageni hapa, mimi nimezaliwa Lindi, nikapewa jina la kiume, nikalelewa kiume, na huu ni mwaka wa sita naishi Dar kama mwanamke. Na njia ya Mtwara inapita Lindi, hakuna nyingine. Hilo ndo lililonikosesha usingizi Alhamisi, sio kupaki.

Tumepandia Mbagala Rangi Tatu alfajiri giza bado halijatoka. Kwenye basi mimi huwa siongei. Sauti ndo kitu ambacho sijakiweza, nguo naweza, nywele naweza, mwendo sikufundishwa na mtu nilizaliwa nao, ila nikifungua mdomo tu wa siti ya mbele anageuka. Kwahiyo konda akiuliza unashuka wapi anajibu Mwalimu, muuza maji akija anaita Mwalimu, mi nanyoosha noti tu natabasamu. Miaka sita mtu ananong'ona jamani, mpaka kucheka nacheka kwa kuziba mdomo.

Tukavuka daraja la Mkapa pale Rufiji watu wote wanachungulia maji kama hawajawahi kuyaona, nikamkumbuka mama yangu maana alikuwa anatuhadithia kabla ya daraja, kabla ya 2003 hiyo, walivyokuwa wanasubiri pantoni na watoto mgongoni na mvua inanyesha. Somanga tukala samaki wa kukaanga wa dirishani, pale ambapo 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara watu wakakwama siku na siku. Kuanzia Nangurukuru basi likaanza kujaa watu wanaoenda Ngongo, Lindi, kwenye maonyesho ya Nane Nane, Kimwera ndani ya basi kikawa kingi, na mimi kila neno nalielewa na siwezi kujibu hata moja.

Lindi nilivuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Akapanda mzee mmoja akakaa siti mbili mbele yangu, kwa nyuma kisogo kilekile cha mjomba wangu, mabega yaleyale, na kwetu Wamwera mjomba ndo mwenye neno, yeye ndo aliyenipeleka jandoni na yeye ndo aliyesema nisikanyage tena kwao. Moyo ulinienda mbio hadi Mwalimu akaniwekea mkono gotini. Alipogeuka kumbe sio yeye, ni mzee wa watu tu anatafuta dirisha. Tulipopita Mingoyo ndo nikashusha pumzi.

Mtwara nyumba ya wageni ya kwanza tulikataliwa. Yule kaka wa mapokezi alifungua daftari kubwa, jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, vizuri tu, halafu akaomba vitambulisho, akakitazama changu, akanitazama mimi, akakitazama tena, akasema vyumba vimejaa. Funguo zinaning'inia ukutani nyuma yake naziona. Iliniuma na bado inaniuma, sio kulala maana ya pili tulipata hapohapo mtaa wa nyuma kwa mama mmoja aliyetaka jina la mtu mmoja tu, inaniuma kwasababu mdogo wake Mwalimu alilia, ana miaka ishirini na moja na ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwa macho kile ambacho mimi nilikuwa namsimulia tu.

Basi Jumamosi asubuhi tukaenda sokoni. Hapa ndo nataka niseme kwa kirefu.

Mimi shopingi nyingi nafanyaga kwa simu, naagiza, inakuja, nikijaribu hainikai naigawa. Kuingia dukani na wenzangu, kushika vitu, kubishana bei, kuambiwa na mtu geuka nikuone nyuma, hiyo nilikuwa nayo labda mara mbili maishani. Tulianza na mtumba wa viatu. Natafuta sendozi ya kike namba 43, na mnaovaa namba hiyo mnajua shida yake, unaambiwa hakuna kabla hujamaliza kutaja. Kijana aliyekuwa amekaa kwenye lundo akanitazama miguu akasema sista una miguu kama ya dada yangu subiri, akazama kwenye lundo mpaka nusu ya mwili, akatoka na moja ya kamba za kahawia. Moja. Akazama tena dakika kumi nzima kutafuta mwenzake, Mama Pacha kashaanza kusema tuondoke, akaipata. 8,000. Hata sikuomba apunguze, nilitamani nimpe na nauli.

Halafu kanga. Duka dogo, kanga zimening'inia mpaka dari, muuzaji mama wa makamo kakaa kwenye stuli anapiga soga na wateja wake. Tukaanza kuzisoma, kila mtu ana yake, maana kanga hununui mji na pindo tu, unanunua jina. Mdogo mtu akavuta moja akasoma kwa sauti, "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", akasema hii nzuri rangi yake. Mama Pacha akaipokonya akairudisha haraka akaifunika na nyingine. Hakuna aliyesema kitu. Nilimpenda sana kwa dakika ile. Mimi hayo maneno nimetupiwa sana, sihitaji kuyavaa kiunoni.

Nikashika moja nyekundu yenye korosho kwenye mji, "Nani kama mama". Yule muuzaji akaniangalia kutoka kwenye stuli akasema:

"Shoga, hii itakukaa, hebu jifunge tuione."

Nikaganda. Kweli kabisa mikono ilikufa ganzi. Neno lile nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kama kumi na mbili na halikuwa na tabasamu. Nikiwa na kumi na saba stendi ya Lindi vijana wa kijiweni walilisema, mmoja akaanza wengine wakadakia wakawa wanaliimba na kupiga makofi, kisha likaja jiwe, kovu lipo juu ya sikio ndo maana nasuka nywele za kushuka. Nimelikuta kwenye daladala, nimelikuta limeandikwa kwenye mlango wa chumba nilichopanga. Herufi tano tu. Nikawa nimesimama na kanga mkononi natazama mlango uko wapi.

Mwalimu akanisogelea akaninong'oneza, "anakuita shoga yake". Nikamtazama yule mama. Kamgeukia Mama Pacha, "shoga na wewe chukua hii ya kijani usimwachie mwenzio apendeze peke yake", kamgeukia dada mwingine nisiyemjua, "shoga chenji yako hii hapa". Yaani mashoga zake sisi wote. Vile mama yangu alivyokuwa anamwita jirani yake wa ukuta wa pili, shoga njoo tunywe chai, shoga niazime kinu, kabla ya watu kulichukua hilo neno na kuligeuza jiwe. Nililisahau. Nilikulia ndani ya neno hilo na nikalisahau kabisa kwamba lilikuwa la kwao kwanza, la wanawake na mashoga zao.

Nikajifunga. Nikageuka. Nikamuuliza bei, kwa mdomo wangu, kwa sauti hii hii niliyonayo. Akasema 13,000 nikasema shoga nifanyie 11,000, akacheka akasema 12 chukua. Sasa huyo ni mtu wa biashara, anamwita kila mtu hivyo toka asubuhi mpaka afunge, najua. Mi nililia tu nje ya duka na Mama Pacha akanishikia mfuko.

Mchana tukavuka pantoni kwenda Msangamkuu. Wanawake wa pwani tunaogelea na madera yetu, dera likiingia hewa linapanda juu kama puto unabaki unapambana nalo, na la Mwalimu lilipanda mpaka likamfunika uso akawa anaita jamani sioni jamani, na nikacheka. Nilicheka kwa sauti yote iliyomo kifuani. Watoto wawili waliokuwa pembeni wakageuka, wakaniangalia, wakaanza kucheka na wao. Basi. Kusi lilikuwa linapuliza maji baridi lakini tulikaa mpaka vidole vikakunjamana.

Usiku tukapanda bajaji kwenda Mikindani kwa mama yake Mama Pacha, sisi tunamwita Bibi. Nyumba yao ipo karibu na zile nyumba za zamani za mawe, ukiangalia juu unaiona Boma la Wajerumani la 1895, na mdogo mtu akaenda kutazama pale wanaposema Livingstone alikaa 1866 kabla ya kuingia bara, mimi sikwenda. Nilishakaa mkekani. Bibi ana nembo za Kimakonde usoni, mashavuni na kwenye paji, na alikuwa na sinia la ming'oko ya moto, unamenya unachovya kwenye chumvi na pilipili. Ming'oko ya hivi sijala toka niondoke Lindi. Haipandwi ile, wanawake wanaichimba porini, na Dar nikiikuta ni mikavu haina ladha. Nilikula hadi nikaona aibu.

Mama Pacha akaanza kusimulia alivyochezwa, alivyofungiwa ndani, siku ya kutolewa watu walivyojaa uwanja huohuo tuliokaa. Mengine alikuwa anafika katikati anakata, anatabasamu na mama yake, wanajua wenyewe. Mi nilikuwa nasikia ngoma za unyago nikiwa mdogo kwa mbali usiku nalala upande wa wavulana, nilikuwa nalia na sikuwa na jina la ninacholilia. Sikusema hayo pale. Niliinuka tu kwenda kunawa mikono, na nimejifunga kanga yangu mpya, Bibi akaniita.

"We mjukuu wangu, nani kakufunda kufunga hivyo?"

"Hakuna Bibi."

"Basi njoo."

Akaifungua akaifunga upya, akavuta kona hii, akaikunja mara mbili kiunoni, akanipiga kidogo nyonga kuona kama inashika. Akaniambia tembea. Nikatembea mpaka mlangoni nikarudi. Akaifungua tena akaniambia haya wewe mwenyewe. Mara tatu. Sijui Mama Pacha alimwambia nini kuhusu mimi, sikuuliza na sitauliza.

Jumapili asubuhi kabla basi halijaondoka nikaazima mkasi kwa mama wa nyumba ya wageni nikaikata ile doti katikati. Kipande kimoja nikakikunja kwenye mfuko. Nikampigia dada yangu Lindi, yeye huwa tunaongea kwa siri, nikamwambia basi letu litasimama kama dakika kumi njoo stendi.

Stendi ileile. Nilimuona kwa dirishani anatafuta, anaangalia basi siti kwa siti na hanijui, picha kashaona ila picha ni picha. Mwalimu akataka kumpungia, nikamwambia acha. Nikafungua kioo nikaita mwenyewe, "Da Mkubwa!" Konda akageuka, na abiria wawili watatu wakageuka, na dada akageuka. Akaja akashika vidole vyangu kwenye ukingo wa dirisha, hakusema kitu, akaniangalia uso wote taratibu. Nikampa mfuko nikamwambia mpe mama, ukiona vigumu usiseme ni yangu. Akasema ntasema.

Leo asubuhi kanitumia meseji. "Nimempa. Kaigeuza geuza kauliza kipande cha pili kiko wapi. Nkamwambia unacho wewe."

Nikamuuliza akasemaje.

"Hajasema kitu. Kaifunga, yuko nje anafagia."