Nilivyojenga mafunzo ya uongozi kwa lugha mbili kwa vijana wa Kilatino, California

Ninasimamia mafunzo ya baada ya masomo kwa vijana wa sekondari wenye asili ya Amerika ya Kilatini, katika Bonde la Kati la California. Programu nyingi za aina hii huanza na michezo ya kufahamiana. Mimi niliyajenga mafunzo yote juu ya kikao cha bodi ya shule, yaani baraza linaloongoza shule za wilaya na ambalo mtu yeyote anaweza kulihutubia, maana pale kila lugha ina kazi yake.

Kundi la vijana 16 hadi 20 linatosha: nusu waliohamia juzijuzi, nusu waliozaliwa Marekani. Hawa wa pili Kihispania cha nyumbani wanakielewa, ila wanaona haya kukisema mbele ya watu. Kutafsiri kila sentensi hakusaidii; kila upande hungoja zamu ya lugha yake na kuacha kusikiliza, na wanaojua Kiingereza wanageuka wakalimani wa bure. Kwangu mjadala wa siku huendeshwa kwa lugha moja na kumbukumbu zake huandikwa kwa nyingine, wiki inayofuata tunageuza. Lafudhi sisahihishi. Familia nyingi zilizotoka Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, nyumbani husema Kimixteco, lugha ya wenyeji wa huko, na kwa watoto wao hata Kihispania ni cha kujifunza.

Sheria ya Brown, sheria ya California ya mikutano ya wazi, inataka ajenda ya kikao cha kawaida itolewe saa 72 kabla. Kikao kikiwa Jumanne saa 12 jioni, ajenda inapatikana kufikia Jumamosi saa hiyo hiyo. Jumapili tunaisoma na kuchagua kipengele kimoja tu, Jumatatu tunafanya mazoezi ya hotuba tukipima muda kwa saa ya simu.

Bodi nyingi humpa kila msemaji dakika 3. Maneno 300 yanaingia bila kukimbizana; ukifika 400 unakatizwa. Anayesema Kihispania kupitia mkalimani ana haki ya angalau mara mbili ya muda huo, isipokuwa kama bodi ina vifaa vya ukalimani wa papo kwa papo. Wenyeviti wengine husahau, kwa hiyo mwanafunzi huandika kwenye kadi ya msemaji kwamba ana mkalimani, kisha hukumbusha kabla saa haijaanza kuhesabu. Mkalimani apewe sentensi mbilimbili. Zikizidi, tarakimu na majina hupotea.

Jambo nisilolilegeza: hali ya uhamiaji haitajwi, iwe ya msemaji au ya familia yake. Vikao vingi hurekodiwa na kuwekwa mtandaoni.

Kinachowavunja moyo zaidi ni bodi kukaa kimya. Wanadhani wamedharauliwa, kumbe jambo lisilo kwenye ajenda wajumbe hawaruhusiwi kulijadili wala kuliamua. Ndiyo maana sentensi ya mwisho ya hotuba kama hiyo huomba suala liingizwe kwenye ajenda ijayo.

Mazoezi mazuri kuliko yote yako kwenye ELAC, kamati ya wazazi ambayo kila shule yenye wanafunzi 21 au zaidi wanaojifunza Kiingereza lazima iwe nayo. Chumba kidogo, Kihispania kitupu, na akina mama huuliza maswali makali kuliko wajumbe wa bodi.

Vijana waliokomaa nawapa kazi ya ombi la mwakilishi wa wanafunzi ndani ya bodi. Zinahitajika saini 500 za wanafunzi wa sekondari wa wilaya, au asilimia 10 yao, ipi iliyo ndogo. Kusanyeni za ziada, kwa sababu zisizosomeka na za waliokwisha kuhama shule zitaondolewa.